Viungo vya Kwenda Nje katika Kurasa za Intaneti: Maana Yake na Namna ya Kuvifundisha

Baadhi ya shule zetu za msingi na vyuo vyetu vya ualimu sasa vina tovuti zao katika intaneti. Aghalabu kazi ya kuandika kurasa za tovuti hizo humwangukia mwalimu kijana aliyetoka chuoni karibuni, kwa kuwa hudhaniwa kwamba yeye ndiye aijuaye kompyuta kuliko wenzake. Mwalimu huyo hakosi washauri. Wa kwanza humwambia kwamba ukurasa wa shule usimwelekeze msomaji kwenye tovuti ya mtu mwingine, kwa sababu kila kiungo cha kwenda nje huvujisha nguvu ya ukurasa, nao utashuka katika orodha ya matokeo ya utafutaji. Wa pili humwambia kinyume chake: aweke viungo vingi vya kwenda kwenye tovuti mashuhuri, na ukurasa wake utapanda. Wa tatu humletea bei ya kununua viungo au ya kuviuza.

Katika makala hii tunakusudia kupima ushauri huo wa aina tatu. Tutaeleza kwanza maana ya maneno tunayoyatumia, kisha asili ya fikra yenyewe, halafu mchezo ambao mwalimu anaweza kuutumia darasani bila kompyuta, na mwisho kanuni za kufuata. Jambo hili si la mafundi peke yao. Mtoto wa darasa la tano akitumwa kutafuta habari katika simu ya mzazi wake, huliamini jibu lililo juu kabisa ya orodha. Ikiwa mwalimu hajui jibu hilo lilifikaje juu, hataweza kumfundisha mtoto huyo kulipima.

Maana ya maneno

Tovuti ni mkusanyiko wa kurasa zilizo chini ya mwenye mmoja. Kiungo ni neno, fungu la maneno au picha iliyo katika ukurasa, ambayo msomaji akiibonyeza hupelekwa kwenye ukurasa mwingine. Viungo ni vya aina tatu. Viungo vya ndani huunganisha kurasa za tovuti ile ile. Viungo vinavyoingia hutoka kwenye tovuti za watu wengine na kuja kwetu. Viungo vya kwenda nje hutoka kwetu na kuelekea kwa wengine. Wanachuo wazishike vema aina hizi, kwa sababu makosa mengi hutokana na kuchanganya aina ya pili na ya tatu.

Mtambo wa utafutaji, mathalani Google au Bing, hufanya kazi tatu. Kwanza, programu zake huzuru kurasa za intaneti kwa kufuata viungo, kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine. Pili, hutengeneza faharasa ya maneno na mambo yaliyomo katika kurasa hizo, kama faharasa iliyo nyuma ya kitabu. Tatu, mtu anapouliza, mtambo huchagua kurasa zinazohusika na kuzipanga kwa daraja. Kazi ya kuuandaa ukurasa ili mitambo iuone, iuelewe na kuupa daraja linalostahili ndiyo iitwayo uboreshaji kwa ajili ya utafutaji.

Asili ya fikra ya viungo

Mwaka 1989 Tim Berners-Lee, aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti wa fizikia cha CERN karibu na Geneva, Uswisi, alipendekeza mfumo wa kurasa zilizounganishwa kwa viungo. Mwezi wa Aprili 1993 CERN iliutoa mfumo huo utumiwe na watu wote bila malipo. Tangu mwanzo, basi, kiungo cha kwenda nje hakikuwa pambo la intaneti. Ndicho kilichoifanya iwe mtandao. Kurasa zisizoelekezana ni kama vitabu vilivyofungiwa kila kimoja katika sanduku lake.

Kurasa zilipoongezeka, kuzipanga kukawa tatizo. Mitambo ya mwanzo ilitegemea mno kuhesabu maneno. Mtu aliyetaka ukurasa wake uonekane aliweza kulirudia neno moja mara mia, na mtambo ukadhani kwamba hakuna ajuaye jambo hilo kuliko yeye.

Wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, Larry Page na Sergey Brin, walitafuta njia nyingine, na mwaka 1998 waliieleza katika makala ya kitaaluma. Fikra yao ilifanana na desturi ya zamani ya wanazuoni. Mwandishi wa makala ya sayansi huwataja wale ambao kazi zao amezitumia, na kazi inayotajwa na wengi huhesabiwa kuwa na uzito. Tangu mwaka 1964 Eugene Garfield alikuwa amekwisha kuchapisha huko Marekani faharasa ya sayansi iliyoonyesha nani amemtaja nani. Page na Brin walikichukua kiungo kama namna ya kumtaja mtu. Ukurasa unaoelekezewa na wengi hupata uzito, na ukielekezewa na ukurasa ambao wenyewe una uzito, hupata zaidi. Kanuni hiyo iliitwa PageRank kwa jina la Page, nayo ikawa msingi wa Google, kampuni iliyoanzishwa mwaka huo huo wa 1998.

Sehemu moja ya kanuni hiyo inahusu sana makala yetu. Ukurasa haugawi uzito wake wote kwa kila unayemwelekea. Huugawanya. Wenye kiungo kimoja cha kwenda nje humpa mmoja fungu zima, na wenye viungo kumi humpa kila mmoja sehemu ya kumi. Hapa ndipo hofu ya kuvuja ilipozaliwa. Ili wanachuo waielewe vizuri, na waweze kuieleza kwa watoto, tunapendekeza mchezo ufuatao.

Mchezo wa maharage

Zana zinazohitajika ni punje 48 za maharage, vipande vichache vya kamba na kadi nne zenye majina. Mwalimu achague wanafunzi wanne, tuseme Asha, Baraka, Chausiku na Daudi. Kila mmoja wao ni ukurasa, na kila mmoja apewe punje 12. Kamba zionyeshe viungo kama ifuatavyo:

Asha anaelekeza kwa Chausiku.
Baraka anaelekeza kwa Asha na kwa Chausiku.
Chausiku anaelekeza kwa Asha.
Daudi anaelekeza kwa Asha, kwa Baraka na kwa Chausiku.
Hakuna anayeelekeza kwa Daudi.

Mwalimu akipiga kofi, kila mmoja hugawa punje zote alizo nazo, sawasawa, kwa wale anaoelekeza kwao. Punje anazozipokea asizigawe mpaka kofi linalofuata. Baada ya kofi la kwanza Asha atakuwa na punje 22, yaani 6 za Baraka, 12 za Chausiku na 4 za Daudi. Chausiku naye atakuwa na 22, Baraka 4, na Daudi hatakuwa na kitu. Wanafunzi wajumlishe wenyewe. Jumla ni ile ile 48.

Sasa mwalimu auanze mchezo upya na kumwambia Daudi aondoe viungo viwili, aelekeze kwa Chausiku peke yake. Baada ya kofi la kwanza Chausiku atapata 30, Asha 18, na Baraka hatapata kitu. Je, Daudi amefaidi nini kwa kuwanyima Asha na Baraka? Hakufaidi chochote, kwani hana punje hata moja, kama vile mwanzo. Hili ndilo somo kubwa la mchezo huu: alicho nacho mtu hutokana na wale wanaomwelekezea, wala hakitokani na uchoyo wake mwenyewe. Idadi ya viungo vya Daudi ilibadili mafungu ya wenzake, haikubadili fungu lake.

Jaribio la tatu litaonyesha kwamba wenye hofu ya kuvuja hawakuitunga bure. Viungo virudi kama mwanzo, ila Asha aongeze kiungo cha kwenda kwa Baraka. Katika mpango wa awali, baada ya kofi la pili, Asha alikuwa na punje 24. Katika mpango huu mpya atakuwa na 21, Baraka 11 na Chausiku 16. Asha amepungukiwa na punje 3. Sababu ni kwamba mwanzo punje zake zote zilikwenda kwa Chausiku, naye akazirudisha zote. Sasa nusu yake hupitia kwa Baraka, ambaye ana rafiki mwingine wa kumpa. Kwa hiyo kiungo cha kwenda nje chaweza kuupunguzia ukurasa uzito pale tu ambapo uzito huo ungemrudia mwenyewe. Darasani kurasa ni nne, na marejeo ni ya haraka. Katika intaneti kurasa ni mabilioni, na kinachorudi kwa njia hiyo kutoka kwa wageni ni kidogo mno.

Wanafunzi wenye macho makali wataona jambo jingine. Katika mpango wa awali, tangu kofi la pili punje zote zimo mikononi mwa Asha na Chausiku, 24 kwa kila mmoja, nao hupeana daima bila mtu mwingine kuonja. Page na Brin waliliona tatizo hilo. Katika kanuni yao kwa kawaida ni asilimia 85 tu ya uzito inayopitia kwenye viungo, na inayobaki hugawiwa kurasa zote. Mwalimu awaulize wanafunzi: watu wawili wakipatana kila mmoja amsifu mwenzake, je, sifa hizo zina thamani gani?

Majaribio ya kuziba uvujaji

Sasa tuone yaliyotokea nje ya darasa. Wakati hofu ya kuvuja ilipoenea, wenye tovuti walitafuta kizibo. Mwezi wa Januari 2005 Google, Yahoo na Microsoft zilikubaliana kuhusu alama moja inayoandikwa ndani ya kiungo, yenye maana ya "usifuate". Shabaha yake ilikuwa kuwazuia watu waliobandika viungo vyao katika kurasa za wengine bila idhini. Kiungo chenye alama hiyo kilibaki kumfikisha msomaji, lakini hakikuhesabiwa kuwa kura.

Baadhi ya wenye tovuti waliigeuza alama hiyo kuwa kizibo. Walidhani kwamba ukurasa wenye punje 10 na viungo 10, ukitia alama viungo 5, basi vile 5 vilivyobaki vitapata punje 2 kila kimoja. Mwaka 2009 Matt Cutts, mhandisi wa Google, alieleza kwamba hesabu ilikuwa imekwisha kubadilishwa. Viungo vilivyotiwa alama vinahesabiwa katika kugawanya, na mafungu yake hupotea bure. Vile 5 vilivyobaki hupata punje 1 kila kimoja, kama kawaida. Kizibo kilikuwa hakizibi kitu.

Mwezi wa Septemba 2019 Google iliongeza alama mbili, moja ya viungo vilivyolipiwa na nyingine ya viungo vilivyowekwa na wasomaji wenyewe. Ilitangaza pia kwamba alama hizi zote sasa ni dokezo kwa mtambo, si amri. Tovuti ya Wikipedia ni mfano mzuri wa kuutafakari. Tangu Januari 2007 Wikipedia ya Kiingereza imeitia alama ya "usifuate" kwenye viungo vyake vya kwenda nje. Hata hivyo haikuacha kuviweka, na makala zake nyingi zina makumi ya viungo vya kuonyesha vyanzo. Haiviweki ili ipande daraja. Inaviweka ili msomaji ahakikishe.

Je, viungo vya kwenda nje hupandisha ukurasa?

Tumeona kwamba ushauri wa kwanza hauna nguvu. Wa pili nao tuupime. Mtaalamu wa kompyuta Jon Kleinberg wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, katika utafiti aliouchapisha mwaka 1999, alizigawa kurasa njema katika makundi mawili. Zipo kurasa za mamlaka, yaani zile zenye habari zenyewe, na zipo kurasa za vitovu, yaani zile zinazomwelekeza msomaji vizuri kwenye mamlaka. Kitovu hupata sifa kwa kuelekeza vizuri, na mamlaka hupata sifa kwa kuelekezewa na vitovu vyema. Katika hesabu ya Kleinberg, basi, kiungo cha kwenda nje kina faida kwa mwenye kukitoa. Hata hivyo njia hiyo ni ya utafiti, wala haina maana kwamba kila mtambo huifuata.

Mwaka 2016 kampuni moja ya Uingereza iitwayo Reboot ilitangaza matokeo ya jaribio. Ilitengeneza tovuti mpya 10 zilizozungumzia neno la kubuni, ambalo halikuwamo katika intaneti. Tovuti 5 ziliwekewa viungo vya kwenda kwenye tovuti zenye heshima, zikiwemo za vyuo vikuu vya Oxford na Cambridge, na 5 hazikuwekewa. Zile zenye viungo zilipangwa juu ya zile zisizo navyo. Jaribio hili lafaa kujadiliwa na wanachuo kama somo la sayansi. Wataona kwamba tovuti 10 ni chache, na kwamba neno lisilo na washindani si kama neno "shule" au "mahindi". Lililoonekana ni kwamba mambo mengine yote yakiwa sawa, viungo vyema huenda vikasaidia kidogo. Lakini katika intaneti mambo mengine hayawi sawa hata siku moja. Mitambo hutazama pia maneno yaliyomo, lugha, mahali alipo msomaji, upya wa habari, wepesi wa ukurasa kufunguka, na mengine mengi.

Wasemaji wa Google wameeleza mara kwa mara kwamba kuwaelekeza wasomaji kwenye tovuti nyingine hakuupi ukurasa daraja kwa kitendo hicho peke yake. Faida yake ni kumpa msomaji kitu cha thamani. Kwa maoni yetu, jibu hilo linatosha kumwongoza mwalimu. Faida ya kweli hupita njia ndefu: ukurasa wenye kuelekeza vizuri huwasaidia wasomaji, wasomaji huukumbuka na kuwaambia wenzao, na wenzao huuelekezea. Mwisho wake hupata viungo vinavyoingia, na hivyo ndivyo vyenye uzito.

Biashara ya viungo

Ushauri wa tatu ndio wenye hatari hasa. Maadamu kiungo ni kura, wapo watakaoinunua kura. Mwezi wa Februari 2011 gazeti la The New York Times lilieleza habari za duka kubwa la Marekani, J. C. Penney. Kwa miezi kadhaa duka hilo lilikuwa juu ya orodha kila mtu alipotafuta magauni, matandiko au mazulia. Ilionekana kwamba viungo vingi vilivyoelekea kwake vilitoka katika tovuti ambazo hazikuhusiana kabisa na bidhaa hizo. Google iliishusha tovuti ya duka hilo, nalo duka lilikana kuviidhinisha viungo hivyo. Mwezi wa Aprili 2012 Google ilileta kanuni mpya iliyojulikana kwa jina la Penguin, yenye shabaha ya kuzishusha tovuti zenye viungo vya hila.

Wanachuo wengi hawajui kwamba adhabu haimpati mnunuzi peke yake. Tovuti inayouza viungo bila kuvitia alama ya kwamba vimelipiwa nayo huadhibiwa. Shule ikikubali fedha ili ukurasa wake uelekeze kwenye tovuti ya kamari au ya dawa zisizojulikana, huenda ikapoteza daraja lake katika utafutaji. Itapoteza pia jambo kubwa zaidi, kwani mzazi aliyeiamini shule ataiamini na tovuti ile. Wahenga walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Madhara haya tunayaona karibu nasi. Kila matokeo ya mitihani ya taifa yanapotangazwa, hutokea kurasa nyingi zinazoahidi kuyatoa. Mzazi hufungua wa kwanza, akakuta matangazo na maneno marefu. Hubonyeza, akapelekwa kwenye ukurasa mwingine wa tovuti ile ile. Hubonyeza tena, na kifurushi chake cha intaneti kinaisha kabla hajaona jina la mtoto wake. Wenye kurasa hizo wanaiogopa sana safari ya msomaji kwenda nje. Ukurasa wa shule wenye sentensi mbili tu na kiungo kimoja kilicho wazi cha kwenda kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani la Tanzania ungemfaa mzazi huyo kuliko zote.

Kanuni za kufuata

Kutokana na maelezo hayo tunapendekeza kanuni zifuatazo kwa mwalimu anayeandika kurasa za shule.

1. Weka kiungo pale tu kinapomsaidia msomaji kuhakikisha jambo au kujifunza zaidi. Usikiweke kwa kuupendeza mtambo, wala usikiondoe kwa kuuogopa.

2. Elekeza kwenye chanzo chenyewe. Ukitaja kitabu cha kiada, mpeleke msomaji kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, usimpeleke kwa mtu aliyekinakili.

3. Maneno ya kiungo yaseme kiungo kinakokwenda. "Bonyeza hapa" hayamwambii msomaji kitu, wala hayauambii mtambo. "Ratiba ya mtihani wa darasa la nne" yanawaambia wote wawili.

4. Kiungo kilicholipiwa kitiwe alama yake na kielezwe wazi kwa msomaji. Kwa shule, afadhali kisiwepo.

5. Usiisahau kazi iliyokwisha fanyika. Mwezi wa Mei 2024 kituo cha utafiti cha Pew cha Marekani kilieleza kwamba asilimia 38 ya kurasa zilizokuwapo mwaka 2013 zilikuwa hazipatikani tena baada ya miaka 10. Hutokea pia anwani iliyoachwa na mwenyewe ikanunuliwa na mtu mwingine na kujazwa mambo machafu. Kwa hiyo viungo vikaguliwe kila muhula, kama tunavyokagua madawati.

6. Usiwarundikie wasomaji viungo. Aya yenye viungo kumi haimwelekezi mtu, humchanganya.

Namna ya kufundisha darasani

Somo hili laweza kufundishwa katika darasa la tano au la sita kwa vipindi viwili, hata pale pasipo na umeme.

Katika kipindi cha kwanza mwalimu aanze na yale wanafunzi wanayoyajua. Awaulize: ukimwambia mwenzako kwamba kesho hakuna shule, atakuuliza nini? Wengi watajibu, "Nani kasema?" Swali hilo ndilo mzizi wa somo lote. Kisha wanafunzi wasome aya fupi mbili ubaoni juu ya jambo moja, mathalani ugonjwa wa malaria. Aya ya kwanza isitaje chanzo. Ya pili itaje kitabu na ukurasa wake, au mganga wa zahanati aliyeulizwa. Wajadili ipi wanaweza kuihakikisha, na kwa njia gani.

Katika kipindi cha pili wacheze mchezo wa maharage, halafu kila kundi liandike ukurasa wake juu ya kadi ya manila kuhusu jambo la kijiji au mtaa wao, kama vile kisima, soko au mti mkubwa. Kadi zitundikwe ukutani, na kila kundi lifunge nyuzi kutoka kwenye kadi yake hadi kadi za wenzake zinazohusika. Sharti liwe moja: atakayefunga uzi aeleze kwa kinywa chake ni kwa nini msomaji wake apelekwe huko. Uzi usio na sababu ukatwe. Katika tathmini, mwalimu asilisifu kundi lenye nyuzi nyingi zinazoingia. Alisifu lile lililotoa sababu nzuri.

Mwalimu atahadhari na jambo moja. Watoto wasitoke darasani wakiamini kwamba kilicho juu ya orodha ndicho cha kweli. Uzito wa ukurasa huonyesha kwamba umeelekezewa, hauonyeshi kwamba unasema kweli. Onyo hili limezidi kuwa na maana tangu Mei 2024, Google ilipoanza kuweka, kwanza nchini Marekani, muhtasari unaotungwa na kompyuta juu ya orodha ya matokeo. Msomaji hupewa jibu tayari na huenda asifungue ukurasa wowote. Mtoto aliyezoea kuuliza "Nani kasema?" atavitafuta viungo vilivyo kando ya muhtasari huo, na kuvifuata.

Hitimisho

Tumeona kwamba kiungo cha kwenda nje hakiuvujishi ukurasa kwa kiasi cha kuogopwa, na wala hakiupandishi kwa uchawi. Kikitolewa kwa fedha au kwa hila, huudhuru. Kikitolewa kwa ajili ya msomaji, hufanya kazi ile ile aifanyayo mwalimu kila siku anapomwambia mwanafunzi: habari hizi nimezipata mahali fulani, nenda ukasome mwenyewe. Mwalimu anayeficha vyanzo vyake ili aonekane yeye ndiye chanzo huwanyima wanafunzi wake njia ya kumpita, na hali shabaha ya elimu ni kwamba siku moja wampite. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika mchezo wa maharage, Baraka aongeze kiungo cha kwenda kwa Daudi, viungo vingine vikiwa kama mwanzo. Kila mmoja atakuwa na punje ngapi baada ya kofi la kwanza?

2. Mfanyabiashara anataka kuipa shule yako madawati kwa sharti kwamba ukurasa wa shule uelekeze kwenye duka lake. Utamshauri nini mwalimu mkuu?

3. Chagua mada moja ya sayansi ya darasa la tano. Taja vyanzo vitatu ambavyo ungewaelekeza wanafunzi, viwe vya intaneti au visiwe, na utoe sababu ya kila kimoja.